Mabeki wa Mwalimu Hashil

Kiponda, Mji Mkongwe
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Dada Badriya,

Shikamoo. Huku sote wazima. Anayelalamika ni goti langu la kulia tu, na hilo tushalizoea.

Sumaiya wa nyumba ya pili anasafiri Alhamisi kuja Maskat kwa mwanawe. Kanambia begi lake lina nafasi ya barua moja na pakiti moja ya iliki, basi nimempa vyote viwili. Mjukuu wako Khawla kanambia kwamba simu sasa huisikii kabisa, hata ukiiweka kwenye lile sikio zuri. Usihuzunike. Kwenye simu ulikuwa ukinikatiza kila neno la tatu. Kwenye karatasi itabidi unisubiri nimalize.

Ligi inaanza wiki ijayo. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu nafundisha mabeki wa klabu yetu ya Shauku. Makocha wakuu kumi na mmoja wamekuja na kuondoka, na mimi nipo palepale, msaidizi, na wale wanaocheza nyuma. Wa kumi na mbili ameanza Julai. Anaitwa Muhannad, mtoto wa Mbweni. Nilimpokea akiwa na miaka kumi na saba, miguu kama fito, hata kusimama mbele ya mshambuliaji hajui. Leo ana miaka thelathini na sita, ana vyeti vya ukocha, na ndiye mkubwa wangu. Siku ya kwanza kaingia kiwanjani na filimbi mpya shingoni, akanitazama, akaona haya kuipuliza. Nikamwambia, "Puliza, mkubwa, tunachelewa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mabeki wa mwaka huu wazuri, ila kila mmoja anacheza peke yake. Nimewashikisha kamba ndefu, wanne kwa mstari, tunatembea kiwanja kizima bila ya mpira. Mmoja akisogea, wote wasogee. Msabah, beki wetu wa kushoto, anaivuta kamba kama anaangusha mti. Watoto wa skuli wanaopita Mnazi Mmoja wanatuuliza tunavua nini.

Niandikie. Andika herufi kubwa, macho nayo yanaanza kunitoroka.

Mdogo wako,
Hashil


Maskat
1 Oktoba 2024

Hashil mdogo wangu,

Marahaba. Iliki imefika na nyumba nzima inanukia. Barua yako niliisoma nikacheka. Nikaisoma tena, nikavua miwani.

Mtu uliyemfundisha kusimama leo anakupulizia filimbi, na wewe unanambia kuwa mlicheka! Mimi nakujua. Ulipokuwa mdogo, ukianguka ulikuwa unacheka kwanza mbele ya watu, halafu unakwenda kulia nyuma ya pipa la maji. Kila mtu alikuwa akisema Hashil mtoto jasiri. Nani alikuwa akikufuata kule nyuma ya pipa? Mimi.

Baba alikuwa mwalimu mkuu. Kaka Azzan, Mungu amrehemu, alikuwa mkuu wa ghala bandarini. Hata mimi niliyeolewa huku sijui njia ya sokoni, nimeongoza jiko la skuli ya wasichana miaka ishirini, wapishi saba chini yangu. Wewe uliyesoma kuliko sote, uliyechezea chuo cha ualimu mpaka watu wakakujua kwa jina, miaka thelathini na tatu ni msaidizi. Msaidizi wa nani? Wa mtoto uliyemlea!

Mimi niliondoka Unguja kabla hujaingia chuo. Nimerudi mara nne, zote kwa misiba na harusi, na hata siku moja sijakuona kiwanjani. Hilo ni kosa langu. Lakini niambie kweli, wamekunyima kwa sababu gani? Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako,
Badriya


Maskat
3 Oktoba 2024

Kwa Bwana Wakil,
Mwenyekiti wa Klabu ya Shauku, Unguja

Assalaam alaykum. Hunijui, lakini marehemu mama yako alinijua. Tulisoma Kurani kwa mwalimu mmoja, na alikuwa akinikopi. Simlaumu.

Mimi ni dada yake Hashil, mwalimu wa mabeki wako. Nakuandikia bila ya yeye kujua, kwa kuwa ni mtu wa haya. Ameniandikia kwa uchungu mkubwa kwamba kijana aliyemfundisha mwenyewe amewekwa juu yake. Barua yake ilikuwa na alama za machozi. Hajalala vizuri tangu Julai.

Nakuomba, kwa heshima ya wazee wetu, umpe Hashil nafasi ya kocha mkuu angali ana nguvu. Huyo kijana umri anao, anaweza kusubiri. Ndugu yangu ana miaka sitini na miwili, na moyo wake unataka kitu ambacho mdomo wake hauwezi kukiomba.

Tafadhali usimwambie kuwa nimeandika.

Bi Badriya


Kiponda, Mji Mkongwe
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Dada Badriya,

Shikamoo. Umeniuliza wameninyima kwa sababu gani. Hawakuninyima kitu. Siku moja nitakueleza, si leo, kwani jambo lenyewe refu na mimi nna miadi na kinyozi.

Habari njema kwanza. Mechi sita tumecheza, goli mbili tu zimetuingia, na moja ilikuwa penalti. Kamba nshaiondoa. Juzi nilikaa pembeni nikawatazama: beki wa kulia alipanda mbele, na wale watatu wakasogea kuziba pahala pake bila ya mtu kuwapigia kelele. Nilitamani kumwambia mtu, "Umeona?" Nikageuka, Muhannad hayupo karibu.

Na hilo ndilo linanisumbua kidogo. Zamani tukimaliza mazoezi tulikuwa tunakaa barazani, kahawa na kashata, tunabishana mpaka muuzaji anatufukuza. Sasa wiki ya tatu hakai. Anakuja, anafundisha, ananiamkia kwa adabu zote, anawasha vespa yake anakwenda Mbweni. Nimemuuliza, "Muhannad, kuna neno?" Kanijibu, "Hakuna, Mwalimu." Tangu lini akaniita Mwalimu kwa sauti ya mtu anayeongea na polisi?

Bwana Wakil naye kawa mtu wa ajabu. Wiki iliyopita kanishika mkono muda mrefu, kaniuliza kama nalala vizuri. Nikamwambia nalala kama gogo. Akatikisa kichwa, akasema, "Najua, najua, ndivyo watu wenye haya mnavyosema." Nadhani anaumwa.

Mdogo wako,
Hashil


Mbweni
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mwalimu Hashil,

Shikamoo. Nimeandika kwa sababu nikisimama mbele yako siwezi.

Mwenyekiti aliniita mwezi uliopita akanisomea barua iliyotoka Maskat kwa dada yako. Jana imesomwa tena kwenye kikao cha kamati. Nakala nimeiambatanisha uione, pengine umesahau uliyomwambia.

Mwalimu, mimi nilikuja Shauku sina baba. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri mazoezi yakiisha mpaka nipate usafiri. Kama ulikitaka kiti hiki, ungenambia Julai kabla sijakubali, ningekuachia bila ya neno. Kinachoniuma si kiti. Ni kwamba ulicheka siku ile ya filimbi, nikaamini kuwa unafurahi nami.

Nimempa mwenyekiti barua ya kujiuzulu. Mechi ya Jumapili sitakuwepo. Timu ni yako.

Kwa heshima,
Muhannad


Kiponda
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako. Si ile uliyoniandikia mimi. Ile ya Wakil.

Nimekaa tangu asubuhi nikijaribu kukuandikia kwa upole, karatasi tatu nimechana. Basi nitasema ilivyo. Sikulia. Silali vibaya. Umemvunja moyo kijana ambaye hakukukosea kitu, naye ameacha kazi kwa sababu ya machozi uliyoyatia wewe kwenye karatasi yangu.

Na mimi nna kosa langu. Nilikuficha. Ukocha mkuu nimepewa mara tatu. Mara ya kwanza mwaka 1998, ya pili 2007, ya tatu Juni mwaka huu. Mara zote nimekataa. Mwaka huu Wakil aliniuliza, kama hutaki wewe, basi nani? Nikamtajia Muhannad. Yeye mwenyewe hajui.

Sikukwambia kwa kuwa katika nyumba yetu kila mtu alikuwa mkuu wa kitu, na niliona haya kusema kuwa mimi sitaki. Ungeniuliza kwa nini, na jibu langu dogo mno. Nitakupa hivyohivyo.

Chuoni nilikuwa mshambuliaji, ulikuwa hujui hilo. Siku moja mwaka 1984 beki wetu wa kati aliamka na homa, mwalimu akanitia mimi. Tulitoka bila bila. Hakuna aliyenipigia makofi. Lakini mechi ilipokwisha, kipa wetu alikuja akanionesha jezi yake, kavu, haina hata vumbi, akasema, "Leo umenipumzisha, bwana." Sijapata kusifiwa kwa neno nililolipenda kama lile. Tangu siku ile nikabaki nyuma, na nikaanza kuwafundisha wengine, na sijachoka hata leo. Kocha mkuu lazima afuate mpira unapokwenda. Mimi mpira siufuati. Naangalia waliobaki nyuma wamesimama wapi.

Ndio hilo tu, Dada. Hakuna aliyeninyima. Nimekipata nilichokitaka nikiwa na miaka ishirini na mbili, na nimekaa nacho.

Jumamosi nitakwenda Mbweni kwa Muhannad. Sijui kama atanifungulia. Karatasi hii nitaipiga picha nimtumie Khawla kwa simu, uisome leo leo.

Hashil


Maskat
25 Novemba 2024

Mwanangu Muhannad,

Huyu ni Bi Badriya, mwenye barua. Nilipoanza kukuandikia nilimwambia mjukuu wangu Khawla atoke chumbani asinione.

Ile barua niliyomwandikia Bwana Wakil ni yangu peke yangu. Hashil hakunituma, hakunilalamikia, hakunidokezea. Aliniandikia kuwa alikwambia "Puliza, mkubwa," na kwamba watu walicheka na yeye akacheka. Hivyo tu. Machozi hayakuwepo kwenye barua yake. Niliyatia mimi ili Wakil anihurumie. Habari ya kutolala pia niliitoa kichwani mwangu.

Nilimfikiria kama alivyokuwa na miaka mitano, akianguka anacheka halafu anakwenda kulia nyuma ya pipa la maji. Niliondoka nyumbani yeye bado kijana, na dada aliye mbali huyashika ya zamani kwa sababu mapya hana. Nimezeeka na kudhani kuwa ndugu yangu bado yuko nyuma ya pipa.

Tena kuna jambo yeye hakukwambia, na mimi nitakwambia kwa kuwa mdomo wangu ushaharibu vya kutosha, acha utengeneze kimoja. Aliyekutaja wewe kwa Wakil ni yeye. Kiti alipewa yeye Juni, akakataa, akasema apewe Muhannad.

Mimi ni mtu mzima na nimekosa. Nisamehe, baba. Ukiona uzito kunisamehe mimi, basi mrudie yeye.

Bi Badriya


Kiponda, Mji Mkongwe
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Dada Badriya,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku tisa. Nimehesabu. Siku ya kumi nilikaanga samaki, nikakumbuka ulivyonifundisha kumgeuza asivunjike, hasira ikanitoka mbele ya jiko. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumamosi ile nilikwenda Mbweni. Muhannad alikuwa uani anaosha vespa, na vespa yenyewe ilikuwa safi kuliko sahani. Nikamwambia, "Muhannad, barua ile sikuijua."

"Naam, Mwalimu."

"Unaniamini?"

Akakamua kitambaa. Kikavu kabisa, bado anakamua. "Mwalimu, nakuheshimu. Usinitake zaidi ya hapo leo."

Nikarudi. Jumapili Wakil akanambia nisimame mimi badala ya Muhannad, hapana mwingine. Dada, laiti ungeniona! Mabeki walicheza mpira ambao sijawaona wakiucheza. Msabah alimtia mfukoni winga wao mpaka wakambadilisha. Mimi nimesimama pembeni nafurahi peke yangu. Dakika ya sitini hivi daktari wetu akanijia mbio, "Mwalimu, badilisha mtu!" Nikamuuliza, "Nani?" Akanionesha kiungo wetu anachechemea katikati ya uwanja. Alikuwa anachechemea dakika kumi nzima, sikumwona. Tulitoka bila bila. Mshambuliaji wetu akanijia na jasho lake, akasema, "Mwalimu, tangu mechi ianze hujatutazama hata mara moja." Kweli tupu. Nikamwomba radhi.

Jumatatu ya pili baada ya mechi nilifika Mnazi Mmoja mapema kuweka koni. Muhannad yupo kabla yangu, amekaa juu ya mfuko wa mipira, filimbi shingoni. Mkononi ana barua. Nikayatambua maandishi yako kwa mbali.

"Mwalimu," akasema, "dada yako kanambia kuwa ulikuwa ukilia nyuma ya pipa la maji."

"Nilikuwa na miaka mitano!"

"Kanambia na machozi ya kwenye barua aliyatia yeye."

"Huyo ndiye dada yangu."

Akaikunja ile karatasi. Halafu akauliza, "Ni wewe uliyenitaja?"

"Ndiyo."

"Mbona hukunambia?"

"Ungekuwa unanitazama mimi kila unapotaka kuamua jambo. Nilitaka uamue mwenyewe."

Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza kama Wakil ameipokea barua yake ya kujiuzulu. Nikamwambia Wakil aliikunja akaitia mfukoni, na nguo ile ishafuliwa. Basi akasimama, akapuliza filimbi, na wachezaji wenyewe hata hawajafika. Jioni tulikaa barazani. Tulibishana mpaka muuzaji kahawa akatufukuza.

Wakil bado ananiuliza kama nalala. Hilo sasa litamalizwa na wewe mwenyewe ukija. Na mimi nataka uje, Dada. Si kwa msiba wala harusi. Njoo unione kazini.

Mdogo wako,
Hashil


Maskat
Jumatano, 26 Februari 2025

Hashil mdogo wangu,

Marahaba. Tumefika salama, mimi na Khawla, na sanduku lenye harufu ya karafuu mpaka watu wa uwanja wa ndege wakalifungua. Mwezi wa Ramadhani unagonga mlango, na mimi bado nna vumbi la Mnazi Mmoja kwenye viatu. Khawla anataka kuvisugua, nimemkataza.

Wiki tatu tulizokaa kwako sikukwambia niliyoyaona siku ile ya mechi, kwa sababu kila nikianza ulikuwa unanilisha. Sasa nakwambia.

Mimi, kama unavyojua, kelele za mpira sizisikii. Waliokuwa pembeni yangu walikuwa wanafungua midomo tu. Ikawa raha kwangu, maana sikuwa na wa kunambia nitazame wapi. Nikakutazama wewe. Timu yako ikaenda kushambulia kule mbali, watu wote wakainuka, shingo zote zikageuka upande mmoja. Wewe hukugeuka. Uliinua mkono, ukauteremsha kidogo, na wale wanne wakarudi nyuma pamoja, kama shuka linalovutwa na mtu mmoja akitandika kitanda. Nikajisemea, "Haya, kumbe ndiyo hii." Khawla alipoanza kunikumbatia na kunitikisa ndipo nikajua kuwa limeingia goli. Sikuliona. Ningeulizwa leo limefungwaje, sijui.

Mechi ilipokwisha, mabeki wako walikuja kuniamkia mmoja mmoja, wana jasho na matope, na Muhannad nyuma yao. Huyo kijana alinibusu mkono mbele ya watu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba radhi ana kwa ana, yote yakanipotea, nikamuuliza tu kama amekula. Akatikisa kichwa kuwa bado. Ndipo nikampa zile sambusa zako. Samahani, nilikwambia kuwa zimeanguka.

Sasa jambo ambalo hukulijua, nalo ndilo limenikalisha kuandika. Wewe ulikuwa umebaki kiwanjani. Wakil alinijia, akazungumza na Khawla, na Khawla akaniandikia kwenye simu yake kwa herufi kubwa: MUHANNAD AMEPATA NAFASI YA KWENDA KUSOMA MWAKANI. KITI KITAKUWA WAZI. BWANA WAKIL ANAULIZA WEWE UNAONAJE, WAMPE HASHIL?

Aniulize mimi! Nadhani aliogopa kuwa nikiachwa nitaandika tena.

Nikamjibu, "Muulizeni mwenyewe."

Basi Wakil akageuka kukuita. Nikauona mdomo wake: "Hashil!" Akapiga hatua mbili, akaita tena, mkono juu. Wewe ulikuwa umechuchumaa kwenye nyasi na goti lako bovu, umemshika Msabah kifundo cha mguu, unamgeuzia unyayo hivi, halafu hivi, na yeye anatikisa kichwa kama mtoto wa chuo mbele ya msahafu. Wakil akaita mara ya tatu. Watu wa upande wa pili walisikia, wakageuka. Wewe hukusikia. Khawla alinitazama, mimi nikamtazama Wakil, tukacheka sote watatu. Alisubiri, maskini, mikono mfukoni. Mlikuwa mshahamia mguu wa pili alipochoka akaenda zake.

Nadhani atakuja kukuuliza kabla ya kufunga. Mjibu utakavyo, mdogo wangu. Mimi siandiki kitu.

Dada yako,
Badriya